Vidonge vya prednisoloni: usivianze kwa kubahatisha, usiviache ghafla

Siku moja niliitwa idara ya dharura kutambua dawa. Mama wa miaka kama 60 alikuwa kitandani, presha iko chini, sukari iko chini, anatapika tangu jana yake, na hana nguvu hata ya kushika kikombe. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Bintiye alikuwa ameshika pochi ya mama, na ndani yake mlikuwa na bahasha ndogo ya dawa, ile ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu "1x3" basi. Hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Binti akasema hiyo ni "dawa ya magoti", mama anainunua huu mwaka wa pili na imemsaidia sana. Iliisha siku nne zilizopita wakiwa safarini kuja msibani, wakaona watanunua nyingine wakirudi.

Kwenye kona ya bahasha kulikuwa na kipande cha paketi kilichokatwa kwa mkasi. Niliweza kusoma nusu ya jina: deksamethasoni, miligramu 0.5. Daktari alimchoma haidrokotisoni na kumwekea dripu papo hapo. Jioni mama alikuwa amekaa, anaomba uji.

Nimeanza na kisa hiki, lakini naomba mgonjwa wa pumu anayekisoma asikimbilie kutupa vidonge vyake chooni. Steroidi, kundi la dawa lenye prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni, ni miongoni mwa dawa zinazookoa maisha kila siku katika hospitali zetu. Kilichomwangusha mama yule ni kwamba hakuna aliyemwambia anameza nini, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Alfajiri, kabla hujaamka, tezi hizi humwaga kwenye damu homoni ya kortisoli. Homoni hiyo ndiyo inayoshikilia presha na sukari, na ndiyo inayoubeba mwili wakati wa homa kali, ajali au upasuaji. Kortisoli ya siku nzima inakaribia nguvu ya kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5. Tezi hizi hufanya kazi kwa amri ya ubongo. Ukimeza steroidi, ambayo hufanya kazi kama kortisoli, ubongo unaona homoni tele kwenye damu, unaacha kutuma amri. Kwa siku chache si tatizo. Zikipita wiki tatu na kuendelea, tezi husinyaa kwa kukosa kazi, na kuziamsha huchukua wiki, miezi, wakati mwingine hata mwaka.

Sasa fanya hesabu ya mama. Deksamethasoni ina nguvu kuliko prednisoloni: miligramu 0.75 tu ya deksamethasoni ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Kidonge chake kidogo mara tatu kwa siku kilikuwa sawa na miligramu 10 za prednisoloni, maradufu ya kile mwili wake ungetengeneza wenyewe. Tena deksamethasoni hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo tezi hazikupata hata usiku mmoja wa kuamka. Kwa karibu miaka miwili zililala. Vidonge vilipoisha, hapakuwa na wa kutengeneza kortisoli.

Nguvu ya dawa hizi ilijulikana mwaka 1948, pale daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alipomchoma kotisoni, steroidi ya kundi hili hili, mwanamke kijana ambaye ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemfanya ashindwe kutembea. Ndani ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini mapema sana madaktari waliona nyuso za wagonjwa zikivimba na kuwa za mviringo, na wakaona maumivu yakirudi dawa inapoachwa. Mambo hayo hayajabadilika hadi leo.

Dawa hizi huzima moto ambao kinga ya mwili imeuwasha mahali pasipostahili: njia za hewa zilizovimba kwa pumu, viungo vya mwenye baridi yabisi, figo za mtoto zinazovuja protini, mishipa ya fahamu ya mgonjwa wa ukoma iliyovimba kwa ghafla. Hazitibu chanzo. Hazina kazi kwenye mafua, uchovu wala maumivu ya mgongo ya mtu aliyebeba magunia.

Sasa nije kwenye dirisha la dawa, maana ndipo makosa mengi ninapoyaona. Mtu mzima aliyebanwa na pumu huandikiwa prednisoloni miligramu 40 au 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Vidonge vyetu vingi ni vya miligramu 5. Maana yake nampa mgonjwa vidonge 8 vya kumeza kwa mara moja, na macho yanamtoka. "Vyote hivi kwa mpigo?" Akifika nyumbani anavigawa mwenyewe, viwili asubuhi, viwili mchana, vingine anaviweka akiba kwa siku pumu itakaporudi. Usiku wa tatu analetwa hospitali anahema kwa mabega. Ndugu yangu, kama umeandikiwa 8 asubuhi, meza 8 asubuhi, baada ya kula. Dozi fupi namna hiyo huachwa siku ilipokwisha bila kupunguza, kwa kuwa tezi hazijapata muda wa kulala. Ila kama mwaka huu umeshapewa dozi kama hizo mara kadhaa, mwambie daktari. Hiyo ni dalili kwamba pumu yako haijadhibitiwa na unahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu ndiyo saa ya kortisoli ya mwili, hivyo tezi husumbuliwa kidogo. Na ukiimeza usiku utakesha. Tumbo nalo linataka chakula kwanza. Katika mwezi wa Ramadhani, anayeruhusiwa na daktari wake kufunga anaweza kuimeza baada ya daku, lakini mwenye kisukari au anayetumia dozi kubwa azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Dozi ndefu ni habari nyingine. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo kuvuja protini, yule anayeamka kope zimevimba, hutumia prednisoloni kwa wiki 4 hadi 6 kila siku, kisha hupunguziwa kwa wiki nyingine kadhaa. Uvimbe mara nyingi huisha mapema kuliko dozi. Mzazi anamwona mwanawe uso umerudi, anacheza, anakula kupita kawaida, naye anasema amepona. Hapo ndipo dawa inapoachwa, na ugonjwa unarudi. Wazazi wa watoto hawa huwa nawaomba kitu kimoja: chukua kalenda ya ukutani, andika idadi ya vidonge kwenye kila tarehe, na kila asubuhi ukishampa, futa tarehe hiyo kwa kalamu. Dozi ikipungua kutoka 6 kwenda 4, kalenda itakukumbusha, na ukija kliniki tutaisoma pamoja.

Ukiwa kwenye dozi ndefu kisha ukaumwa homa kali, ukapata ajali au ukapangiwa upasuaji, mwili unahitaji steroidi zaidi, na daktari ataongeza dozi kwa siku hizo. Ukitapika kidonge na kushindwa kukirudia, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kabla hujaanza, daktari anapaswa kuuliza mambo kadhaa, na asipouliza, sema wewe. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito: steroidi inaweza kuiamsha TB iliyolala. Na kama tayari unatumia dawa za TB, rifampisini huichoma prednisoloni haraka mwilini, hivyo dozi huenda ikahitaji kuongezwa.

Lipo jambo linalosahaulika sana, nalo ni minyoo aina ya strongiloidi, ambayo huingia kupitia ngozi ya nyayo kwa anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Mnyoo huyu anaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kukuumiza, kisha kinga ikishuka kwa steroidi akazaana na kusambaa hadi kwenye mapafu na damu. Watu wamekufa kwa hilo. Kidonge kimoja cha albendazo hakimtoshi. Dawa yake hasa ni ivamektini, na daktari anaweza kuamua kukupa kabla ya dozi ndefu.

Mwenye kisukari ajue kwamba prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni. Ukipima asubuhi peke yake kabla ya kula, utaona namba nzuri na utadanganyika. Pima kabla ya chakula cha jioni. Presha nayo hupanda, kwa hiyo punguza chumvi. Usichanganye steroidi na diklofenaki au ibuprofeni bila ushauri. Pamoja zinaweza kutoboa tumbo, na choo kikiwa cheusi kama lami kimbilia hospitali. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, zinaweza kusubirishwa. Mgonjwa wa selimundu asipewe hivi hivi, maana steroidi zinaweza kuchochea maumivu yake. Mjamzito asiache mwenyewe kwa hofu. Mara nyingi prednisoloni huendelea kutumika kwa uangalizi.

Lipo linaloniumiza zaidi ya yote. Wasichana wananunua deksa, yaani deksamethasoni, ili wanenepe. Ni kweli mashavu yanajaa na njaa inaongezeka. Lakini mafuta hayo hukaa usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja ikisinyaa, ngozi ikichanika michirizi ya zambarau na mifupa ikidhoofika. Anayekuuzia hakwambii kwamba siku ukiacha unaweza kuzimia. Vivyo hivyo dawa za "mitishamba" za viungo zinazoponya ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha wananchi juu ya bidhaa za namna hiyo zilizokutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Mti unaoondoa maumivu ya miaka 10 kwa usiku mmoja unastahili kutiliwa shaka. Kama umeshaitumia kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla. Njoo nayo hospitali, na kopo lake.

Mama yule wa pochi alibadilishiwa dawa, akapunguziwa kidogo kidogo, na kila baada ya muda akapimwa kortisoli ya asubuhi. Ilichukua miezi minane tezi kuamka. Picha ilionyesha magoti yake yamesagika kwa umri, ugonjwa ambao haukuhitaji vidonge vya steroidi hata siku moja. Sasa anatumia parasetamo na mafuta ya kuchua ya diklofenaki, na anafanya mazoezi aliyofundishwa, akikaa na kusimama kwenye kiti mara 10 kila asubuhi. Magoti bado humuuma, hasa wakati wa mvua.

Tangu wiki aliyoruhusiwa, pochi ile ina kadi ngumu niliyomwandikia kwa herufi kubwa: jina la dawa, kiasi, tarehe, namba ya simu ya bintiye. Chini kuna maneno ya kumwelekeza mhudumu yeyote atakayempokea: "Ametumia steroidi muda mrefu. Akiletwa hajiwezi, apewe haidrokotisoni kwanza."