Muungwana wa zamani na muungwana wa leo

Ukimwita mtu muungwana siku hizi, unamsifu tabia: ni mpole, ni mkweli, anajua kuomba radhi. Hakuna anayeuliza alizaliwa na nani. Katika karne ya 19, Lamu, Mombasa au Unguja, hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza. Muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na miji ya mwambao ililitumia jina hilo hasa kwa koo za wenye nyumba za mawe. Mtumwa angeweza kuwa mwaminifu kuliko bwana wake, na bado asingeitwa muungwana.

Maana ilianza kuhama kabla utumwa haujakwisha. Wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara, wengi wao watumwa au watu walioachwa huru, walijiita waungwana huko walikokwenda. Waliofika Maniema na Kisangani wameacha jina hilo katika lugha yenyewe: Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kisha sheria ikafuta hadhi ya utumwa: Unguja na Pemba mwaka 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922. Neno likabaki, nalo likaegemea mwenendo.

Je, kuna hasara? Kwa msemaji wa leo, sioni. Kwa maoni yangu neno limepata maana bora kuliko ile ya awali, maana sasa yeyote anaweza kulistahili.

Kwa msomaji wa maandishi ya kale, mambo ni mengine. Chukua methali "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo". Tunaifundisha kama sifa ya vitendo dhidi ya maneno matupu. Lakini mja humo ni mtumwa. Methali inamfanya mtumwa kuwa mtu wa kusema tu, na aliyezaliwa huru kuwa mtu wa kutenda, ilhali mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Anayeisoma kwa maana ya leo haioni dharau hiyo, wala hajui ilimlenga nani. Vivyo hivyo kwa wosia na barua za enzi hizo: ukikuta "muungwana", usidhani mwandishi anasifu adabu ya mtu.

Walimu, methali hiyo iendelee kufundishwa, ila mwanafunzi aelezwe mja alikuwa nani.