Mama, usianze na mzani

Saa kumi na mbili asubuhi nasari kwetu, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ni saa ya mzani. Kabla shifti ya usiku itoke tunapima watoto mmoja mmoja, na nje kwa korido akina mama wameshapanga foleni na leso zao mabegani, kila mtu anangoja gramu zake. Nimekuwa nesi wa watoto wachanga hapa Kisumu miaka mingi sasa na nimeona venye hiyo namba moja inaweza kumshibisha mama bila chakula ama imlaze njaa siku nzima. Kuna mama alitoka upande wa Ahero, mtoto wake alizaliwa mimba ikiwa na wiki 27, gramu 980, siku ya nne mzani ukasoma 880, akakaa chini pale pale kwa sakafu akaniambia, "Sista, mtoto anaisha."

Hakuwa anaisha. Nataka nieleze hii kitu pole pole juu nimeieleza usiku mara nyingi sana, na usiku mtu amechoka, hasikii yote.

Mimba inahesabiwa imekomaa kuanzia wiki 37. Huyu wa kabla ya wiki 28 ndiye mdogo kabisa kati ya watoto wa kabla ya wakati, ngozi yake ni nyembamba unaona mishipa yote, na maji ya mwili yanatoka kupitia hiyo ngozi kama mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko. Kwa hivyo zile gramu za siku za kwanza zinazopotea nyingi ni maji. Mtoto kupoteza gramu 10 kwa kila 100 ni kawaida, hawa wadogo kabisa hata 15, alafu wengi wanarudi kwa uzito wa kuzaliwa kama wiki mbili zikifika. Wakishaanza kupanda tunatafuta kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, na gramu 15 ni kijiko kikubwa kimoja cha maji, hakuna zaidi. Na niseme kitu mama wengi hawajui, kuna asubuhi mtoto ameongeza gramu 60 usiku mmoja, mama anashukuru Mungu kwa korido, na mimi ndio naanza kumwangalia miguu na kope kama amevimba, manake hizo gramu si nyama, ni maji yamebaki ndani ama ni dripu na plasta tulimfunga jana.

Ndio maana nawaambia mzani ni wa mwisho. Uliza kwanza anapumua aje.

Mapafu ya mtoto wa wiki 27 hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi wa ndani unaozuia vifuko vya hewa visishikane, kwa hivyo kila pumzi ni kazi kama kufungua puto mpya, kila mara upya. Kama mama alifika hospitali mapema kabla azae, mara nyingi alidungwa deksamethasoni, sindano nne, moja kila masaa kumi na mbili, na wengi hawajui ile sindano haikuwa yao, ilikuwa ya mapafu ya mtoto. Ilianzia kwa kondoo. Daktari Graham Liggins kule New Zealand alikuwa anachunguza uchungu wa kuzaa unaanzia wapi, akaona mwanakondoo aliyezaliwa mapema sana baada ya dawa hiyo anapumua wakati alifaa kuwa amekufa, na mwaka wa 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya akina mama waliopewa betamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo. Kwa hivyo yule mama anayejilaumu ati hakumfanyia mtoto kitu, namuuliza kwanza kama alidungwa. Akisema ndio, basi alianza kumtibu kabla amwone.

Baada ya kuzaliwa tunamweka kwa mashini ya sipap. Ni vimpira viwili vidogo kwa pua vinasukuma hewa muda wote ili mapafu yasifunge, na mpira mwingine umezamishwa kwa chupa ya maji, sentimita tano sita hivi, ndio unaskia ile sauti ya maji kuchemka. Ile sauti mama wanaiogopa. Mimi nawaambia izoeeni, hiyo ndiyo sauti nzuri, maji yakiacha kutoa povu hapo ndipo uniite, manake hewa inavuja mahali, pengine vimpira vimetoka puani au mdomo umefunguka. Nikiwa na watoto kumi na kitu mikononi, mama anayejua kuangalia chupa ni jicho la ziada na silioni kama usumbufu hata siku moja.

Alafu kuna kusahau kupumua. Ubongo wake bado haujakomaa kukumbuka, anapumua anapumua alafu kimya, monita inalia. Kimya kikipita sekunde 20 tunaita hiyo hatari na tunamshtua, wakati mwingine kumgusa tu unyayo kunatosha anaendelea. Dawa tunayompa ni kafeini, ndiyo hiyo hiyo iko kwa kahawa na chai, lakini kwa kipimo cha daktari, tafadhali usiwahi kumwekea chai. Na oksijeni usituombe tuongeze. Tunataka monita isome oksijeni ya damu kati ya asilimia 90 na 95 akiwa kwa oksijeni, ikisoma 100 sisi tunapunguza, juu oksijeni nyingi inaharibu mishipa ya macho ambayo bado inaota. Nitarudi kwa macho.

Siku tatu za kwanza ndizo naongea kwa sauti ya chini kabisa. Mishipa ya kichwani ni laini na damu inaweza kuvuja ndani, kwa hivyo tunamgusa kidogo, tunafanya kila kitu kwa pamoja alafu tunamwacha alale. Mama akiingia anataka kumpapasa, ni kawaida, nani asiyetaka. Lakini kupapasa kunamchosha, namwonyesha aoshe mikono hadi kwa kiwiko, atoe pete na saa, alafu aweke kiganja kimoja kichwani na kingine miguuni na atulie hivyo, bila kusugua, kama amemshikilia bado akiwa tumboni. Unaona kwa monita venye moyo unashuka na kutulia. Baba pia afanye hivyo.

Sasa maziwa, na hapa nitakaa.

Kabla ya wiki 32 hadi 34 mtoto hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, atapaliwa. Kwa hivyo tunapitisha kimpira hadi tumboni na tunaanza na mililita moja, labda mbili, kila masaa matatu au mawili. Mama akiona hiyo mililita moja kwa sirinji anauliza hiyo ni chakula kweli? Ni chakula na ni dawa. Hayo maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza yanapaka utumbo kinga, na huu utumbo wa wiki 27 kitu kinachouua ni ule ugonjwa wa tumbo kuvimba na kuoza ndani, na mtoto anayelishwa maziwa ya mama anaupata mara chache kuliko anayelishwa ya kopo. Hata kama daktari amesema asilishwe bado, tone moja ndani ya shavu tunampaka.

Kwa hivyo kamua. Anza masaa ya kwanza baada ya kuzaa hata kama hakuna kitu kinatoka, mara nane kwa siku, na moja iwe usiku juu usiku ndio homoni ya maziwa iko juu. Siku ya kwanza utapata matone ya kulowesha chini ya kikombe na utaona haya kunipea. Nipe. Kula pia, uji, omena, mboga za kienyeji, kunywa maji, na yule anayekuja kukuona kutoka ushago akuletee chakula badala ya nguo za mtoto, manake hizo nguo zitamtosha miezi mitatu baadaye.

Hapa kuna kitu kinaniuma. Hospitali niliyoanzia kazi tulikuwa tunafungia mama nje, anaangalia mtoto kupitia kioo, anaingia saa za kulisha tu, anatoka. Nilifundishwa hivyo na nikafuata. Nakumbuka mama wa mapacha alikauka maziwa wiki ya pili na mimi nikaandika kwa faili ati mama hana maziwa. Alikuwa nayo. Sisi ndio tulimtenga na watoto wake hadi mwili ukaacha kujua kama kuna mtoto.

Kangaruu ilianza kwa shida kama hizi zetu. Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, akawafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo si suluhisho la maskini tena. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliangalia watoto wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8, wakaanzishwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watulie, na vifo vikapungua kwa robo. Mwaka uliofuata shirika hilo likasema iwe masaa 8 hadi 24 kwa siku. Yule wa gramu 980 hangeingia kwa utafiti huo, tulianza naye siku ya sita akiwa na sipap yake, nesi wawili kumhamisha, mama akiwa amejilaza nusu kwa kiti na leso imekazwa, na joto lake likakaa 36.8 masaa mawili yote. Stima ikipotea, na hapa inapotea, kifua cha mama hakizimi.

Na baba, kifua chako pia kina joto. Mzee wa huyo mama ni mtu wa boda, alikuwa anakuja saa nne usiku, anaoga kwanza, anavua shati, anakaa na mtoto hadi saa sita ili mama alale. Wiki ya kwanza wanaume wengine kwa korido walikuwa wanamwangalia tu. Wiki ya tatu walikuwa watatu.

Kutakuwa na siku ya kurudi nyuma, tafadhali ijue mapema. Tumbo litavimba, maziwa yasimamishwe siku mbili. Atakuwa wa manjano awekwe chini ya taa ya bluu amefungwa macho. Atapata maambukizi aanzishiwe sindano upya. Maziwa yakisimamishwa usiache kukamua. Na usirudi kutafuta kosa lako. Kinachofanya mtoto azaliwe mapema ni presha, ni malaria ambayo huku kwetu ziwani iko mwaka mzima, ni maambukizi, ni mapacha, na mara nyingi hata sisi hatupati sababu. Si ndoo ya maji uliyobeba. Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, mwachie mtu mwingine wa familia ashughulike nayo wiki ya kwanza, tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 nimeona mama anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani ndio anaanza kutafuta namba ya usajili.

Yule mtoto alirudi 980 siku ya 13. Mamake hakuwa kwa foleni ya mzani asubuhi hiyo, alikuwa ndani anakamua, nikamwambia kupitia dirisha akauliza, "Na usiku amesahau kupumua mara ngapi?" Mara moja, nikamwambia, na mtoto akarudi kupumua mwenyewe.

Sasa macho. Wiki ya nne baada ya kuzaliwa daktari wa macho lazima aangalie nyuma ya jicho la mtoto kama huyu, awe bado wodini au ameshaenda nyumbani, manake ile mishipa ikiota vibaya inatibika ikipatikana mapema, na ukichelewa wiki chache hairudi. Kutoka nje huwezi kuona chochote, jicho linakaa sawa tu. Kabla utoke wodini uliza tarehe, andika kwa kadi ya kliniki na kwa simu ya baba, na kama siku hiyo hakuna nauli piga simu wodini mapema tupange, usingoje kliniki ijayo.