Namba 18 kwenye kasha la gemu

Katika mabanda ya gemu ya Arusha, wengi huamini kwamba gemu lenye namba 18 kwenye kasha limeshazuiwa na sheria ya huko lilikotoka, kwa hiyo mtoto hawezi kuuziwa. Namba ile kweli ina sura ya amri, lakini nguvu yake hutegemea nchi.

Namba za Ulaya, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, zinataja umri unaofaa, si ugumu wa mchezo. Uingereza, kumuuzia mtoto gemu la 18 ni kosa kisheria. Marekani sivyo: sheria ya California ya 2005 iliyokataza mauzo ya aina hiyo ilibatilishwa mahakamani 2011 kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Herufi M kwenye kasha la kule, yaani miaka 17 na kuendelea, ni mwongozo tu.

Geuza kasha uangalie vialama vya nyuma: ngumi ni ukatili, buibui ni mambo ya kuogofya. Gemu la kunakiliwa halina kasha. Tafuta jina lake mtandaoni. Kwenye PlayStation 4, fungua mipangilio, ingia udhibiti wa wazazi, weka umri. Kisha, na hili ndilo husahaulika, badilisha namba ya siri. Ya kiwandani ni 0000. Ukiiacha, mtoto anaweza kukikwepa kizuizi.