Chembe nyeupe hazivuji, zinapenya

Hili la "mshipa umelegea, chembe nyeupe zikavuja ndo usaha ukatokea" nimelisikia mpaka basi, tena mara nyingine linatoka kwa mtu anayewafundisha wanafunzi wa uuguzi. Jamani tuliweke sawa. Diapedesi ni ile safari ya chembe nyeupe kutoka ndani ya mshipa wa damu kwenda kwenye tishu yenye jeraha au maambukizi, ndo hiyo tu. Mjerumani Julius Cohnheim aliieleza mwaka 1867, alitandaza utando wa utumbo wa chura chini ya darubini akaona chembe zinaganda ukutani mwa vishipa vya vena, halafu moja moja zinatokeza upande wa nje na ukuta wenyewe haujachanika.

Sasa kuvuja kupo, sikatai, ila kinachovuja ni maji ya damu, ndo maana ulipochomwa na mwiba panavimba. Chembe nyeupe inatoka kwa nguvu zake. Seli za ukuta zikipata taarifa ya hatari zinachomoza selektini, yaani protini za kunasia, chembe inanaswa inaachia inanaswa tena, inabiringika taratibu huku damu inakimbia, halafu kemikali za pale zinaamsha integrini zake, yaani protini za kushikia zilizo juu ya chembe yenyewe, hapo sasa inashika haswa, inajilaza bapa, inatambaa mpaka ipate upenyo, mara nyingi kati ya seli mbili za ukuta, inajibinya kama paka anavyopita chini ya geti.

Na anayebisha ajiulize hivi: chembe nyekundu ina kama mikromita 7 au 8, ni ndogo kuliko neutrofili, ile chembe nyeupe inayojaa kwenye usaha, na kwenye damu ziko mamia kwa kila nyeupe moja. Ingekuwa ni tundu tu, si nyekundu ndo zingetangulia kutoka? Usaha ungekuwa mwekundu.

Halafu kuna watoto, wachache sana, wanazaliwa na hitilafu ya integrini. Kipimo cha damu kinasoma chembe nyeupe juu sana, lakini kitovu kinachelewa kudondoka, maambukizi hayaishi na kidonda hakitungi usaha, kwa sababu chembe zinazunguka tu humo ndani, haziwezi kushika ukuta. Kwa hiyo wapendwa mnaofundisha, mkifika kwenye somo la uvimbe semeni maji yamevuja, chembe zimepenya, ili mwanafunzi akikutana na mtoto wa hivyo aelewe anachokiona.