Usahihi wa Kisiasa na Urithi wa Utumwa Nchini Marekani

Usahihi wa kisiasa ni mwenendo wa kuepuka maneno, mizaha na ishara zinazodhalilisha makundi yaliyowahi kuonewa, na kutumia badala yake lugha inayowastahi. Nchini Marekani dhana hii ilivuma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwezi Mei 1991 Rais George H. W. Bush aliilaumu hadharani katika mahafali ya Chuo Kikuu cha Michigan kuwa inahatarisha uhuru wa kusema. Tangu hapo imekuwa zaidi silaha ya wanaoipinga; ni nadra kumsikia mtu akijitambulisha kwayo.

Wanaoilaumu huizungumzia kana kwamba ni uzushi wa vyuo vikuu vya siku hizi, ilhali kuchunga ulimi kuhusu utumwa ni jambo la kale kama taifa lenyewe. Azimio la Uhuru la 1776, lililotamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, liliandikwa hasa na Thomas Jefferson, ambaye katika maisha yake alimiliki mamia ya watumwa. Katiba iliyotungwa mwaka 1787 haikuutaja utumwa kwa jina. Palipokubaliwa kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, waliitwa “watu wengine wote”. Na palipoagizwa kwamba mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake, aliitwa mtu anayewajibika kutumika au kufanya kazi. Utumwa ulitajwa waziwazi katika Katiba hiyo mwaka 1865, kwa Marekebisho ya 13 yaliyoupiga marufuku, isipokuwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani. Lugha laini ya watunzi wa Katiba, tofauti na hii inayolalamikiwa leo, iliwasitiri wenye watumwa.

Nao uhuru wa kusema, uliolindwa na Marekebisho ya Kwanza tangu 1791, ulibanwa pale mjadala ulipougusa utumwa. Kuanzia 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuweka kando, bila kujadiliwa, maombi yote ya wananchi waliotaka utumwa ukomeshwe; John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekuwa amerudi kama mjumbe wa baraza hilo, ndiye aliyeongoza mapambano ya kuifuta. Katika majimbo kadhaa ya Kusini, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, jambo la kutazama ni nani anayezuia kauli, na kwa mamlaka gani. Marekebisho ya Kwanza huifunga serikali, si jirani wala mwajiri binafsi. Katika kesi ya Brandenburg mwaka 1969, Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu dhidi ya kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa rangi, ikishikilia kwamba serikali haiwezi kuadhibu hata uchochezi wa vurugu, isipokuwa umekusudiwa kuzua uvunjaji wa sheria papo hapo na unaelekea kufanya hivyo. Anayetukana kwa misingi ya rangi anaweza basi kupoteza marafiki, au hata kazi katika kampuni binafsi, bila haki hiyo ya kikatiba kuguswa. Adhabu hizo za kijamii zinaweza kuuma, na pengine huzidi kiasi, lakini hazimpeleki mtu gerezani.

Hali hubadilika dola inapoingia. Sheria iliyopitishwa na jimbo la Florida mwaka 2022 iliwekea mipaka mafundisho fulani kuhusu rangi shuleni, vyuoni na hata katika semina za kazini. Mahakama za shirikisho zikasimamisha sehemu zake zinazohusu vyuo vya umma na waajiri, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Sheria hiyo ilipigiwa debe na watu walewale wanaoulaani usahihi wa kisiasa.