Anza na skonzi: ninavyopima bekari za Dar asubuhi

Watu huniuliza bekari ipi ni nzuri Dar, wakitegemea niwatajie jina moja. Sitaji, kwa sababu bekari ileile inaweza kukupa mkate mzuri Jumanne, Jumapili ukapata wa ovyo kwa kuwa aliyekanda ni mwingine. Nitawaeleza ninavyopima mimi, mwokaji niliyekesha mbele ya matanuri kwa miaka mingi. Kipimo hiki kinafaa Upanga, kinafaa Tandika, na gharama yake ni hela ya chai tu.

Usianze na keki. Najua kabati la kioo linavutia, na donati zilizopakwa chokoleti zimepangwa mbele makusudi. Lakini krimu na sukari hufunika makosa mengi. Agiza skonzi moja na chai. Skonzi ni unga, maji, hamira, chumvi, sukari kidogo na mafuta kidogo, basi. Kosa la mwokaji litaonekana hapo hapo.

Kwanza igeuze. Chini iwe na rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa. Weupe chini maana yake tanuri halikupata moto wa kutosha, au trei zilipakiwa kwa pupa. Kisha bonyeza mgongo wake kwa kidole: inapaswa kurudi polepole. Ikibaki na shimo, iliachwa ikaumuka kupita kiasi. Halafu ichane kwa mikono, usitumie kisu. Skonzi iliyokandwa vizuri huchanika kwa nyuzi ndefu, kama pamba ikivutwa. Ikimwaga chenga, ama haikukandwa vya kutosha ama si ya leo. Mwisho inuse. Ukisikia harufu ya togwa lililochachuka, jua donge, yaani unga uliokandwa, lilisahauliwa mahali pa joto.

Na joto ndilo adui wa mwokaji wa mji huu. Unga uliokandwa kwa mkate wa kawaida unatakiwa uwe kwenye nyuzi joto 24 hadi 26 hivi. Sasa fikiria jiko la bekari Kariakoo mwezi wa Februari, saa nane usiku, tanuri likiwaka na feni zikipuliza hewa ya moto. Ukitumia maji ya bomba kama yalivyo, hamira inakimbia: donge linajaa upesi, mkate unatoka mkubwa, mwepesi, lakini hauna ladha na kesho yake ni mkavu. Mwokaji makini anakandia maji yaliyotiwa barafu, au anapunguza hamira na kuliachia donge muda wa kuumuka. Mteja haoni barafu hiyo, ila ulimi unaisikia. Ndiyo maana nawaheshimu sana vijana wa zamu ya usiku, na naona hawasifiwi inavyostahili.

Baada ya skonzi nauliza swali moja: mkate huu umetoka lini? Hapo ndipo napima huduma. Tabasamu ni zuri, meza safi ni lazima, lakini jibu la kweli ni huduma kubwa kuliko vyote. Asubuhi moja maeneo ya Magomeni nilisimama nyuma ya mzee mmoja aliyetaka mkate wa slesi. Dada wa kaunta akamwambia, "Shikamoo baba. Huu ni wa jana. Wa leo unatoka saa moja na nusu, ukiweza kusubiri nikuwekee chai." Mzee akajibu "Marahaba mwanangu," akavuta kiti. Dada yule angeweza kuuza ule wa jana akanyamaza. Mahali pa namna hiyo narudi hata kama skonzi yao ina upungufu. Na mahali nilipowahi kuambiwa "wa leo huo" huku ndani ya mfuko kuna doa la ukungu, sijarudi.

Kuhusu mkate uliotoka sasa hivi, wengi wanauelewa vibaya. Mkate wa moto ukikatwa mara moja hunata kwenye kisu na ndani huonekana kama haujaiva, kwa sababu wanga bado haujatulia. Uachwe upoe kwanza. Ukifungwa kwenye nailoni ungali na joto, unatoa jasho, na kwa unyevu wa Dar hiyo ni kuukaribisha ukungu. Angalia mfuko kwa ndani: ukiona matone ya maji, chagua mwingine. Na ukifika nyumbani usiuweke kwenye friji, maana ubaridi wa friji hukausha mkate upesi kuliko kabati la kawaida. Mkate wa jana si dhambi. Upashe moto, wanga unalainika tena, unakula vizuri kabisa. Dhambi ni kuuziwa kama wa leo.

Uzito nao. Ngano tunayotumia, sehemu kubwa inakuja kwa meli, kwa hiyo bei ya unga ilipopanda 2022 baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, bekari zilibanwa kweli. Wapo walioongeza bei wazi, na wapo waliopunguza donge kimyakimya. Mkate hupoteza maji tanurini. Ili upate wa gramu 400 unapaswa kupima donge la gramu 450 hivi. Anayepima la gramu 400 anajua fika anachofanya. Ukiwa na mizani ya jikoni nyumbani, itumie.

Maandazi nayatazama ubavuni. Andazi lililoumuka sawasawa huelea juu ya mafuta, na hubaki na mstari mweupe katikati lilipogeuzwa. Likikosa mstari huo mara nyingi lilizama kwa uzito. Likikuachia vidole vinang'aa mafuta, karai halikuwa na moto wa kutosha. Iliki iwepo, lakini isizidi hadi ukasikia iliki tu. Chai ya maziwa ichemshwe pamoja na tangawizi. Maji ya moto na pakiti ya majani pembeni, hiyo unaweza kunywea ofisini.

Tazama pia mkono. Mkono unaopokea noti ukichukua na skonzi bila koleo, mimi naondoka. Malipo ya simu yamesaidia sana hapa. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019, lakini mkaguzi hawezi kuwepo kila asubuhi, na wewe upo. Mtazame pia anayenunua andazi moja anavyohudumiwa akiwa pamoja na aliyeagiza keki ya harusi. Bekari inayomsahau wa andazi moja inamsahau jirani yake wa kila siku.

Ramadhani usipime asubuhi. Mitaa mingi kazi huhamia alasiri, watu wanapopanga foleni kwa ajili ya futari, na mkate wa asubuhi mara nyingi ni uliobaki jana. Nenda saa kumi jioni ndipo utoe hukumu.

Na ukikuta kosa, liseme kabla hujaondoka, tena mapema. Hadi saa mbili au saa tatu asubuhi mwokaji kwa kawaida bado yupo nyuma anasafisha. Baada ya hapo amekwenda kulala. Mwombe muuzaji akuitie, na umwambie jambo mahususi: chini nyeupe, chumvi pungufu, donge limechacha. Ukisema tu "mkate mbaya" hana pa kuanzia. Ukimwambia chini ni nyeupe, usiku huohuo atapunguza trei kwenye tanuri.