Ukizoa mtaa mzima, umemkamata nani?

Juzi msibani mzee mmoja kanishika mkono: "Mwanangu, wewe si umesomea uhalifu? Waambie polisi wawazoe vijana wote wa mtaa ule, tulale." Ombi hili nalisikia kila wiki. Leo nalijibu kwa maandishi.

Twende Boston, Marekani. Kati ya 1991 na 1995 vijana wa miaka 24 kushuka chini waliouawa mle walikuwa wastani wa 44 kwa mwaka. Watafiti wa Harvard, akiwamo David Kennedy, walikaa na polisi wa doria na wafanyakazi wanaowafuata vijana mitaani wakahesabu makundi. Wakapata magenge 61, watu kama 1,300: hawafiki hata asilimia 1 ya vijana wa jiji. Hao ndio waliohusika katika angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Wengine mnawazoa kwa kosa gani?

Kinachoniudhi zaidi ni kusikia Operesheni Ceasefire, mpango wa Boston uliotokana na hesabu hiyo, ikiitwa msako. Haikuwa msako! Mwaka 1996 wanagenge waliitwa kikaoni, mbele yao wamekaa polisi, waendesha mashtaka, viongozi wa dini na watu wa huduma za jamii. Wakaambiwa wazi: genge lenu hatuji kulivunja, tunataka risasi zikome. Mmoja wenu akiua, kundi zima litabanwa kwa kila kosa lake, hata bia ya barabarani. Anayetaka kutoka, msaada huu hapa. Adhabu ilifungwa kwenye tendo moja, kwa hiyo kijana alikuwa na sababu ya kumwambia mwenzake aweke bunduki chini. Kwenye msako, aliyeua na aliyetumwa chapati wanalala rumande moja. Amzuie mwenzake ili apate nini?

Tathmini ilionyesha mauaji ya vijana kwa mwezi yamepungua asilimia 63. Nakiri kwamba miaka ile uhalifu ulikuwa unashuka Marekani nzima, na mitaa ya kujaribia na ya kulinganishia haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Naamini mpango ulisaidia; kwa kiasi gani, hapo nasita. Ulipoachwa mwaka 2000 mauaji yalipanda tena, ukarudishwa 2007.

"Basi waanzie wapi?" mzee akauliza. Kwa askari wa zamu, nikamwambia, anayewajua vijana wale kwa majina na kwa mama zao. Orodha ya magenge 61 ilitoka vichwani mwa watu wa namna hiyo.